Miaka mitatu natuma mistari, mbona hawajibu?

Barua zenu za mwezi huu zimekuja nyingi juu ya jambo moja, simu na Injili. Nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo kuliko zote, kwa sababu niliisoma jioni na asubuhi nikaamka bado naiwaza.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi simu hapa Kirumba, Mwanza, nina miaka 26. Tangu nimpe Bwana maisha yangu, kila siku saa kumi na moja alfajiri natuma mstari wa Biblia kwa watu 412 waliomo kwenye simu yangu: wateja, ndugu, niliosoma nao. Natumia orodha za matangazo za WhatsApp, ninazo mbili. Ni picha ya maua au ya mawio ya jua, na mstari juu yake. Sijaruka siku hata moja, hata nilipolazwa na malaria. Miaka mitatu sasa. Wanaojibu "Amina" hawafiki kumi na ni walewale. Mteja mmoja aliniandikia, "Naomba uniondoe." Kaka yangu wa tumbo moja ameniweka kimya, nililiona mwenyewe nikimbadilishia kioo cha simu. Mwezi wa nne jamaa niliyesoma naye sekondari aliniuliza usiku, siku niliyotuma Zaburi 34:18, "Huu mstari wa leo una maana gani hasa?" Nikamtumia mwingine wa kumtia moyo, akanyamaza. Mama, namaliza bando bure? Au nivumilie, maana imeandikwa neno lake halitarudi bure?
*Fundi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Pole kwa malaria, na asante. Kijana anayeamka alfajiri miaka mitatu bila kuruka siku, akimwaza Mungu na kuwawaza watu, ana moto ambao sisi wengine tunauomba magotini. Sitaki uuzime.

Ila nataka nikutoe kwenye hiyo hesabu ya 412. Nilimsomea mjukuu wangu barua yako, yeye ndiye mwalimu wangu wa simu, naye akauliza swali moja: hao wote wamehifadhi namba yako? Orodha ya matangazo ya WhatsApp haizidi watu 256, na ujumbe wake humfikia yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Mteja aliyekuletea simu iliyoingia maji, wewe ulichukua namba yake ili umjulishe ikipona. Yeye hakuwa na haja ya kuandika yako. Shikilia ujumbe wa leo, fungua maelezo yake, utaona umefika kwa nani. Wengi uliodhani wamekudharau hawajawahi kukusikia.

Na waliokusikia nao wana yao. Saa kumi na moja alfajiri nesi wa zamu ya usiku anahesabu saa mbili za mwisho apumzike. Muuza dagaa yuko mwaloni anagombea mzigo. Picha ya mawio ya jua wameshaipata kwa shangazi na kwenye kundi la ukoo, tena ileile. Haina alama yako hata moja. Ukiifunika namba, nani atajua imetoka kwako na si kwa mtu mwingine?

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipita mbio. Umejaza karatasi kwa habari za watu ambao hawakujibu, na aliyejibu ukampa sentensi moja. Mwanangu, huyo ndiye aliyeninyima usingizi.

Zaburi 34:18 inasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Mwanaume mzima yuko macho usiku, anasoma maneno hayo kwenye kioo cha simu, halafu anafanya jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi kirahisi. Anauliza. Tena ameweka neno "hasa". Una maana gani hasa? Mtu haulizi hivyo kwa ajili ya mtihani. Nionavyo mimi, alikuwa anataka kujua kama huyo Mungu yu karibu na yeye, usiku ule, kitandani kwake. Sijui moyo wake ulivunjwa na nini. Na wewe hujui, kwa sababu hukumuuliza.

Fungua Matendo 8. Kwenye ile njia ishukayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza kuna Mkushi ameketi garini, anasoma chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya. Maandiko anayo tayari mikononi, tena Isaya mzima. Filipo anakimbia mpaka anafika ubavuni, anasikia kinachosomwa, anauliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Yule anajibu atawezaje kuelewa mtu asipomwongoza, na anamsihi apande aketi pamoja naye. Filipo akapanda. Hakumrushia chuo cha pili akaendelea na safari yake. Alikaa garini mpaka walipofika penye maji.

Jamaa yako alikusihi upande. Ukamrushia chuo cha pili.

Sikulaumu, na nitakwambia nilivyojifunza mimi. Nilipokuwa mdogo huku kwetu mlimani baba alikuwa na redio ya betri, tuliisikiliza jioni baada ya kufunga ng'ombe. Redio ya Kikristo ya Sauti ya Injili ilianza kurusha kutoka Addis Ababa mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa hapahapa Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa stesheni ile. Basi, katika miaka yote ile ya kusikiliza, baba aliandika barua mara moja. Aliuliza juu ya mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, maana tulifiwa na mdogo wetu akiwa na siku nne. Alijibiwa kurasa mbili, kwa mkono, na aliyejibu alimtaja mtoto kwa jina lake. Mahubiri ya redioni yalikuwa mazuri na baba hakukumbuka hata moja. Barua ile aliiweka ndani ya Biblia yake, na tulipoifungua Biblia siku ya msiba wake tuliikuta, imechanika kwenye mikunjo na kubandikwa kwa gundi.

Redio ilifika mbali, kama simu yako inavyofika mbali. Lakini nyuma ya redio alikuwepo mtu wa kusoma barua.

Kwa hiyo ufanye nini? Leo, ukimaliza kusoma hapa, mpigie huyo jamaa. Usimwandikie. Mpigie kwa sauti, na usianze na mstari. Mwambie, "Mwezi wa nne uliniuliza neno, sikukujibu, nimekuja kukuomba radhi. Ulikuwa unapitia nini?" Kisha nyamaza. Akikata simu, umekatiwa, mpigie tena wiki ijayo. Akisema alishapona, furahini pamoja. Akisema yuko Mwanza hapohapo, funga kibanda umfuate.

Mteja aliyeomba kuondolewa mwondoe leo, na umjibu maneno mawili: "Nimekuondoa, samahani." Huyo bado ataleta simu yake, na mikono yako itamhubiria ukimrudishia vifaa vyake vyote na kumtoza bei ya haki. Fundi mwaminifu anajulikana mtaa mzima.

Hizo orodha mbili zipumzishe. Chukua daftari uandike watu saba. Saba tu, ambao unajua mama zao wanaumwa nini na kodi yao inaisha lini. Kila siku mmoja. Mrekodie ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa Kiswahili chako cha Kirumba, anza na mambo yake: mtoto ameanza kutembea? Mzee aliruhusiwa hospitali? Halafu mwambie neno moja ulilosoma wewe asubuhi hiyo na lilivyokugusa, au lilivyokushinda kuelewa. Ndiyo, hata lililokushinda mwambie. Na saa iwe ya kibinadamu, saa moja jioni huku ukifunga kazi.

Kuhusu neno kutorudi bure, naliamini kama ulivyoliamini. Ahadi hiyo Mungu ameipa Neno lake. Orodha ya matangazo hakuiahidi kitu.

Niandikie uniambie alisema nini.

Bwana Yesu asifiwe mwinjilisti. Niko kamati ya diakonia katika usharika wetu, Iringa. Tukipeleka unga na mafuta kwa wajane na wagonjwa tunapiga picha na kuziweka kwenye ukurasa wa Facebook wa usharika. Mama mmoja amekasirika, anasema hakuulizwa. Wenzangu wanasema hiyo ni njia ya kueneza Injili kwa matendo, na bila picha wachangiaji hawataamini kwamba vitu vilifika. Tufanye nini?
*Mjumbe wa diakonia, Iringa*

Amina, asifiwe. Mama huyo ana haki, na ninayeandika haya nilishamkosea mwingine kama yeye.

Ilikuwa Krismasi, nakaribia kustaafu. Tulipeleka mchele na sukari kwa mjane mmoja wa mtaani kwetu. Nikamwambia, "Mama, shika mfuko tupate ukumbusho." Akashika. Nikapiga, nikaituma kwenye kundi la mtaa, na kwa furaha yangu nikaandika chini yake "Mungu anatenda." Sikuiangalia vizuri. Baadaye niliiangalia kwa muda mrefu: kanga imechanika begani, nyuma yake mlango wa jikoni uko wazi, sufuria imefunikwa juu ya mafiga baridi, na yeye anatazama chini, si kwenye kamera.

Siku ya pili mwanawe alinipigia kutoka Dar es Salaam. Mtu wa kundini alishaituma nje. Hakunipandishia sauti. Alisema, "Mama, umetuvua nguo." Kazi yake ilikuwa imesimama miezi miwili na hakutaka mtu yeyote kijijini ajue kwamba hatumi kitu nyumbani. Nikaenda kwa mama yake kuomba msamaha. Alinipikia chai, ya sukari ileile tuliyompa, wala hakuitaja picha. Ila tangu siku hiyo hakuja tena kuchukua msaada wa diakonia. Nilipoteza mtu kwa kutaka kuonyesha nimemsaidia.

Mnaweza kusema mliomba ruhusa. Lini? Mtu ameshashikishwa gunia, wajumbe sita wamemzunguka, mchungaji anatabasamu. Hapo nani atasema hapana? Kama ni lazima kuomba, aombwe siku ya nyuma, na mwanamke mwenzake, peke yao, na aambiwe unga utakuja hata akikataa. Utaona wangapi watakubali.

Wachangiaji wapeni daftari la mapokezi lenye sahihi, na mtu wa kulikagua. Piga picha magunia yakiwa kwenye bajaji, vijana wakipasua kuni, akina mama wakipima maharage. Watu wataona kanisa linafanya kazi, na hakuna aliyevuliwa. Wagonjwa msiwapige kabisa. Hata sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Lakini kabla ya sheria hiyo Bwana alishasema juu ya mkono wa kushoto kutojua ufanyalo wa kuume. Nasikitika kwamba nilihubiri andiko hilo miaka mingi kabla ya kulielewa.

Picha za yule mama zifuteni leo. Halafu nendeni watu wawili, mikono mitupu, mkae naye.

Mama, naomba unisaidie haraka. Nimetumiwa maombi yanayosema nisipoyapeleka kwa watu kumi kabla ya saa sita usiku nitapata msiba. Nimeyatuma kwa saba, bando limeisha. Silali.
*Msomaji, Dodoma*

Binti yangu, futa, ulale. Mungu aliyemtoa Mwanawe hakuwekei saa ya mwisho kwa bando. Ujumbe wa namna hiyo ukiuangalia utaona mishale miwili juu yake, ni alama kwamba umepita mikono mingi sana, na tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuzuia kuupeleka kwa zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Aliyeuanzisha hakujui wala hakuombei. Wale saba waandikie kesho kwamba uliogopa, wasiogope na wao. Na ujumbe ukikudai "mbegu" kwa namba ya simu ya mtumishi usiyemfahamu, usitume hata mia. Muulize mchungaji wako kwanza.

Shikamoo mama mwinjilisti. Natoka Singida, ni dada wa kazi za ndani hapa Muscat, mwaka wa pili. Simu napewa saa tatu usiku mpaka saa tano. Nyumbani nilikuwa kwaya, sauti ya pili. Wenzangu wa kwaya wananiuliza mbona siweki mistari wala nyimbo kwenye stetasi yangu, wananikumbusha kwamba anayemwonea haya Bwana naye ataonewa haya. Mama wa nyumba ana namba yangu na huona stetasi zangu. Ni mtu mwema, nilipofiwa na bibi alilia pamoja nami. Naogopa kumkwaza na kupoteza kazi. Je, namkana Kristo?
*Dada, Muscat*

Marahaba mwanangu, na pole ya bibi. Hapana. Humkani.

Kumkana ni kuulizwa wewe ni wa nani ukasema simjui. Umeulizwa? Uko katika nchi ambayo sheria yake hairuhusu mtu kuhubiri dini nyingine hadharani, lakini Wakristo wanaabudu mahali palipotengwa, na makanisa yapo hapohapo Muscat, Ruwi na Ghala, juu ya ardhi iliyotolewa na Sultani. Ibada nyingi ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Huyo mama aliyelia nawe muombe waziwazi, kwa adabu: "Mama, mimi ni Mkristo, naomba Ijumaa moja kwa mwezi nikasali." Hilo ni kubwa kuliko stetasi mia. Stetasi hudumu saa 24 tu, na ombi hilo atalikumbuka.

Soma 2 Wafalme 5. Katika nyumba ya Naamani alikuwepo kijakazi mdogo, ametekwa Israeli, anamtumikia mke wa bwana mkubwa wa Shamu. Jina lake hatulijui. Alisema sentensi moja tu, kwa mama huyo wa nyumba, siku nyumba ilipokuwa na shida: kule Samaria yuko nabii. Aliisema kwa sababu alimhurumia bwana wake mgonjwa, na nyumba nzima ikamsadiki. Nafikiri walimsadiki kwa vile walivyomwona kila siku akichota maji na kutandika vitanda. Siku ikija ya wewe kusema sentensi yako, utaijua. Kwa sasa pika chakula chao vizuri, walee watoto wao kwa upendo, na usiku uwaombee majina yao mmoja mmoja.

Nanyi wanakwaya wa Singida, kama ukurasa huu unawafikia. Mnamdai dada yenu stetasi, na ninyi mmempa nini? Yeye ana saa mbili za simu kwa siku nzima. Nasikia mazoezi ya kwaya nyingi ni jioni. Alhamisi hii, kabla hamjafunga kwa sala, mmoja wenu aweke simu juu ya benchi arekodi wimbo mmoja, sauti zote nne, ila ya pili muiimbe kwa chini kidogo mumwachie nafasi yake. Muitume saa mbili usiku kwa saa za kwetu. Kule ni saa tatu, simu ndiyo kwanza inarudishwa mikononi mwake.